Naomba ushauri: kontrola ya breki za umeme za tela, nashuka Lushoto na mzigo

Turubai la Ngamiani:
Wakuu salaam. Kazi yangu ni kukodisha maturubai, viti na jenereta za shughuli, makao yangu Tanga mjini. Shughuli za Makorora au Chumbageni napeleka kwa kirikuu, safari mbili tatu kazi imeisha. Shida yangu ni harusi za milimani. Mwaka huu nimenunua tela la mtumba la ekseli mbili kwa mzungu mmoja aliyemaliza mkataba wake akawa anauza kila kitu mpaka mapazia. Lenyewe lilitoka Australia.

Juzi natoka Lushoto na viti 300, turubai mbili na jenereta. Gari ni Hilux ya dizeli, gia za mkono. Tukivuka Soni, zile kona za kushukia Mombo, nakanyaga breki nasikia tela linanisukuma mgongoni kama shangazi aliye nyuma yako kwenye foleni ya pilau. Kijana wangu wa kufunga turubai, ambaye kwa kawaida hanyamazi hata akilala, kuanzia Soni hakutoa neno. Tulivyosimama Mombo rimu za mbele hazishikiki, harufu ya pedi imejaa mpaka ndani.

Fundi wa pale akachungulia chini ya tela akaniambia: hili lina breki za umeme magurudumu yote manne, ila gari lako halina kitu cha kuziamrisha. Kumbe muda wote navuta breki zilizolala. Kaniambia nitafute kontrola. Mtandaoni naona Tekonsha, naona REDARC, na vingine havina hata jina, bei robo. Nichukue ipi? Plagi ya tela ni ile bapa ya pini saba. Nawasilisha.

Mwana Raskazone:
Pole mkuu. Ila viti 300 Lushoto, huyo bwana harusi ni nani na sisi hatukualikwa?

Dereva Mstaafu:
Vijana mnapenda kununua vitu. Mimi nimeshusha Fuso mlima ule ule miaka na miaka, sina kontrola wala nini. Gia uliyopandia ndiyo unayoshukia. Weka ya pili tangu juu, breki gusa na uachie, usiikalie. Umefika Mombo.

Turubai la Ngamiani:
Mzee wangu shikamoo. Gia niliweka ya pili, wallahi. Hilux si Fuso, haina ile breki ya ekzosi.

Fundi Waya wa Pongwe:
Mzee yuko sahihi kwenye gia, na hata ukifunga kontrola ya dhahabu usiache kushuka na gia. Breki za tela nazo ni brekishu na drumu, zikipata moto sana zinaisha nguvu kama za gari. Lakini tela la uzito huo halitakiwi kutegemea breki za gari peke yake. Kwao Australia tela likizidi kilo 2000 ni lazima liwe na breki magurudumu yote, pamoja na swichi ya dharura ya kulikamata likichomoka. Hawakuziweka kwa urembo.

Sasa kabla ya kununua, elewa zinavyofanya kazi. Ndani ya kila drumu kuna sumaku ya umeme. Ukikanyaga breki, kontrola inapeleka umeme, sumaku inang'ang'ania uso wa drumu unaozunguka, inaburutwa kidogo, inasukuma mkono, mkono unatanua brekishu. Umeme mwingi, breki kali; umeme kidogo, breki laini. Kazi ya kontrola ni kuamua kiasi. Na hapo ndipo zinapotofautiana.

Za bei ya chini nyingi zinakwenda kwa muda: ukigusa pedeli, umeme unapanda taratibu mpaka kiwango ulichopanga, haijalishi umegusa kwa upole au umekutana na ng'ombe barabarani. Nzuri ni zile zenye kihisi cha mwendo ndani, zinapima gari linavyopungua kasi na kupeleka umeme kwa uwiano huo huo. Ukigusa kidogo tela linaguswa kidogo, ukikanyaga kwa hofu nalo linakanyaga. Kwa kona za Soni chukua hii ya pili, usinibishie.

Binti Mikanjuni:
Mimi nina Tekonsha Prodigy P3 kwenye gari ninalovutia kibanda changu cha chipsi, nililetewa na kaka yangu kutoka Marekani. Ni hii ya uwiano anayoisema fundi. Ninachoipendea ina kioo: kinaniambia kama tela limeunganika au la. Siku moja plagi ililegea Kange, kikanijulisha kabla sijatoka stendi. Ubaya ni umbo. Ni kiboksi kinachokaa chini ya dashibodi, na mimi miguu mirefu, goti limeshakigonga hadi limeota sugu.

Kapteni Mstaafu wa Pangani:
REDARC Tow-Pro Elite. Boksi lenyewe linafichwa nyuma ya dashibodi, nje kinabaki kitufe kimoja cha kuzungusha, chenye taa inayobadilika rangi. Kinakaa pale pale penye nafasi tupu za swichi. Ina namna mbili: inayojipima yenyewe, na ile unayoamua wewe mwenyewe kiasi cha umeme. Njia mbovu au mteremko wa mwendo wa konokono natumia ya pili. Halafu inakubali gari la volti 12 na la volti 24, na baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani ni za 24, kwa hiyo ukibadilisha gari unahama nayo.

Mwana Raskazone:
Nimdandie mwenye uzi. Na mimi nina tela la boti, nifunge hizi hizi?

Fundi Waya wa Pongwe:
La boti hapana. Unashusha drumu ya moto kwenye maji ya chumvi kila wiki, sumaku itaoza hata kabla hujamaliza kulipa deni. Boti tafuta breki za maji (hidroliki) za kujisukuma, zile zinazokaza tela likilisukuma gari, na uzioshe kwa maji baridi kila ukitoka baharini. Fungua uzi wako.

Turudi kwa mwenye harusi. Hizo mbili walizotaja ndugu zangu zote zinakufaa. Mimi ningekufungia REDARC kwa sababu moja tu: kitufe kiko karibu na usukani. Ukiona tela linaanza kuyumba, unakibonyeza bila kugusa pedeli, tela linajivuta nyuma na kunyooka. Mtu anayepapasa chini ya dashibodi kwenye kona ya Soni simwonei wivu. Lakini USINUNUE BADO. Hujui kama breki zenyewe zimo hai. Pima kwanza.

Nyanyua gurudumu kwa jeki, lizungushe kwa mkono, mwenzako aguse chanya ya betri kwenye waya wa buluu wa breki, pini ya tano kwenye hiyo plagi yako, na hasi kwenye waya mweupe. Gurudumu likaze. Fanya hivyo yote manne. Kisha weka mita ya ampea katikati ya waya wa buluu. Sumaku moja inakula ampea tatu na ushei, kwa hiyo nne zikiwa nzima usome 12 au zaidi. Ukisoma nusu, ujue zipo zilizokufa.

Turubai la Ngamiani:
Wakuu nimerudi. Nimepima jana pale gereji, barabara ya nane. Mita imesoma sita na kitu! Magurudumu mawili ya kushoto yanazunguka kama feni. La mbele waya umesuguliwa na springi mpaka umekatika, kilichobaki ni ganda tu. La nyuma sumaku imeungua. Kulia tukafungua moja kwa udadisi tu, sili ya beringi imepasuka, grisi imetapakaa mpaka kwenye brekishu, zinang'aa kama mandazi ya sikukuu.

Fundi Waya wa Pongwe:
Hizo brekishu zenye grisi usizioshe kwa petroli ukazirudisha, zimeshakunywa. Badilisha upande wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, la sivyo tela litavuta upande mmoja. Na sumaku mpya, waya wake ufunge mbali na springi.

Dereva Mstaafu:
Kwa hiyo ungenunua hiyo kontrola ungekuwa unaamrisha maiti. Haya fundi, hapa nimekuvulia kofia.

Turubai la Ngamiani:
Wakuu, mrejesho. Breki zimefufuka, mita inasoma 13. Nimechukua REDARC. Fundi amevuta waya mnene moja kwa moja kutoka betri kupitia breka yake (kikata umeme), waya mwekundu ameuchukua kwenye swichi ya taa za breki juu ya pedeli, hasi amerudisha kwenye betri yenyewe, si kwenye bodi. Kuipangia kiwango tulikwenda asubuhi sana kwenye lami iliyonyooka, mzigo ukiwa juu. Mwendo wa 40 nabonyeza kitufe, naongeza kidogo kidogo mpaka matairi ya tela yakalia, narudisha nyuma kidogo. Nimeshagundua nikiwa mtupu lazima nipunguze, la sivyo yanakwaruza lami.

Jumamosi tumeshuka kutoka Lushoto na viti vile vile. Gia ya pili kama alivyosema mzee. Nagusa breki, nalisikia tela linabaki nyuma, halinitegemei tena. Kijana wangu ameongea kuanzia Soni mpaka Mombo bila kumeza mate, habari za mchumba wake, mpaka nikatamani ukimya wa ile safari ya kwanza.

Swali la mwisho. Ile nyaya nyembamba ya swichi ya dharura, yenye pini, nimekuwa naiviringisha kwenye mnyororo wa usalama. Ni sawa?

Kapteni Mstaafu wa Pangani:
Si sawa. Ifunge kwenye gari lenyewe, mahali pake peke yake. Ukiifunga kwenye mnyororo au kwenye kile kichwa cha kuvutia, kikichomoka kinaondoka nayo, pini haivutwi, breki hazikamati. Iache ndefu kidogo isichomoke kwenye kona, ila fupi kuliko minyororo isiburuze chini. Na hicho kibetri kidogo cha kwenye tela, kinachozipa breki umeme pini ikivutwa, umekichaji lini? Chomoa pini tela likiwa limesimama, ujaribu kuondoa gari. Likikubali kwenda, kibetri kimekufa.

Turubai la Ngamiani:
Nimetoka kujaribu sasa hivi. Limekwenda.