Mimi sikukopa, kwa nini nidaiwe? Mikopo ya mtandaoni na majina yetu kwenye simu za watu

Fundi wa Mbagala
Wakuu, heshima kwenu. Wiki iliyopita nilikuwa juu ya jukwaa napiga lipu, simu ikaita mfululizo mpaka nikashuka. Namba siijui. Dada mmoja ananiambia mimi ni mdhamini wa jamaa fulani anayedaiwa 87,000 na kampuni ya mikopo ya mtandaoni, na asipolipa kabla ya saa sita mchana "na wewe utawajibika". Huyo jamaa nilifanya naye kazi saiti moja Kigamboni, basi. Sikumdhamini, sikusaini, sikuulizwa. Nilipomwambia hivyo akakata. Baadaye ikaingia picha ya jamaa, ile aliyojipiga ameshika kitambulisho cha NIDA, juu yake imeandikwa TAPELI kwa maandishi mekundu. Mafundi wenzangu karibu wote wameipata.

Swali langu: deni ni la mkopaji na kampuni, mimi naingiaje hapo? Ni halali kampuni kubeba majina yote yaliyomo kwenye simu ya mtu kisha kuyatumia kumdhalilisha? Mimi nasema huo ni wizi na zifungwe. Karibuni.

Jembe la Kahama
Dawa ya deni kulipa. Nina duka la pembejeo na najua uchungu wa kukopesha. Mtu anakuja mnyonge kabisa, siku ya kulipa anazima simu na njia ya dukani kwako hapiti tena. Mkitaka meseji zisiwafikie, waambieni ndugu zenu walipe. Tena ukichunguza, wanaolia sana na hii mikopo ni walimu. Mshahara unaingia tarehe 23, tarehe 27 yuko kwa kausha damu, hawa wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Watu hawana nidhamu ya pesa halafu ndio wanawafundisha watoto wetu hesabu.

Binti wa Chumbageni
Fundi, pole sana. Benki Kuu (BoT) walishatoa orodha ya hizi aplikesheni zisizo na leseni, zilikuwa sitini na kitu. Tafuta kama hiyo imo.

Sauti ya Iringa
Zilikuwa 69, Novemba 2024. Na mwaka huohuo kulikuwa na mwongozo wa BoT kwa wakopeshaji wa kidijitali. Ila orodha ikitoka leo, kesho wanabadilisha jina na nembo, wanarudi na namba zilezile walizozivuna.

Mwl wa Ngara
@Jembe la Kahama, nimesoma nikataka kupita, nimeshindwa. Wewe umeuza mbolea, mimi nimefundisha watoto wa watu kama wewe kusoma vipimo vilivyoandikwa kwenye huo mfuko wa mbolea. Usituletee dharau.

Nikupe hesabu basi, kwa kuwa unasema hatuzijui. Mwalimu mwenye shahada anakatwa kodi, mfuko wa pensheni PSSSF 5%, bima ya afya 3%, bodi ya mikopo ya elimu ya juu 15%, na mchango wa chama. Hapo hajala. Akipata mgonjwa akaenda benki anaambiwa makato yamefika mwisho, kwa sababu sheria inataka mtumishi abaki na theluthi ya mshahara wa msingi. Nia ya sheria ni nzuri. Lakini mgonjwa hasubiri theluthi. Ndipo anatokea mtu wa mtaani anayesema lete kadi ya benki na namba ya siri, chukua laki tatu sasa hivi. Mshahara ukiingia anatoa yeye, anakuachia kinachobaki. Kwenye shule niliyokuwa mwanzo kuna mwenzetu kadi yake hakuishika mwaka mzima. Alikuwa anapigiwa simu aende kuchukua chenji ya mshahara wake mwenyewe. Huyo unamwita hana nidhamu?

Jembe la Kahama
Mwalimu, umejaza maneno mengi lakini umethibitisha nilichosema. Anampa mtu namba ya siri! Msomi mwenye shahada. Mama yangu hakusoma na hajawahi kumpa mtu namba ya siri.

Mwl wa Ngara
Mama yako ana wewe mwenye duka. Mwenzetu alikuwa na mtoto amelazwa Bugando na hakuwa na mtu. Usimwingize mama kwenye mjadala usioujua.

Mama Samuel
Walimu msionewe, na sisi wa biashara ndogo mtutaje. Nilikopa huko mtandaoni mtaji wa samaki. Niliomba 100,000, ikaingia 70,000. Ile 30,000 wakaiita ada ya huduma, wameikata kabla sijaishika. Kulipa ni 100,000 kamili ndani ya siku 7. Kwenye maelezo kabla hujapakua wanaandika siku 91, ukishaingia unakuta 7. Siku ya sita wameanza kupiga, na siku yenyewe wanapiga saa kumi na moja alfajiri niko ferini nagombania samaki.

Sauti ya Iringa
Watu waione vizuri hii ya Mama Samuel. 30,000 juu ya 70,000 ni karibu 43%, kwa wiki moja. Wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, kanuni za BoT zinawawekea ukomo wa 3.5% kwa mwezi. Kwa hiyo "dawa ya deni kulipa" ni neno zuri deni likiwa deni. Hapa mtu anadaiwa pesa ambayo hakuwahi kupewa.

Jembe la Kahama
Alilazimishwa kubonyeza "nakubali"?

Mama Samuel
Sijasema nililazimishwa. Nililipa, tena mapema. Nasema waliniibia, na nimelipa nikijua naibiwa kwa sababu walikuwa wameshaipata namba ya mkwe wangu. Hujawahi kuona aibu ya mkwe kaka?

Afisa Makusanyo wa zamani
Niseme kidogo kwa sababu kazi hii nimeifanya. Mnatutukana sana lakini upande wa pili hamuujui. Kuna watu wanakopa aplikesheni kumi kwa siku moja, wanavunja laini, wanahamia mkoa mwingine. Mimi nilikuwa nalipwa kwa asilimia ya ninachokusanya, nisipokusanya sipati hata nauli. Bosi anakuwekea lengo la siku, ukilikosa unaambiwa usirudi.

Kuhusu majina: hatukuwa tunachagua kwa bahati. Mfumo unakuonyesha anayepigiwa sana, halafu majina jinsi mwenyewe alivyoyahifadhi. Unaanza na "Mama". Ukikosa unakwenda "Bosi", "Mchungaji", "Mwl Mkuu", "Shemeji". Fundi, kama ulihifadhiwa "Fundi Saiti" ulikuwa mbali kwenye foleni, ukiona umefikiwa ujue mama yake alishapigiwa mpaka akazima simu.

Binti wa Chumbageni
Na unaliandika hivyo kwa utulivu. Ulimpigia mama wa mtu mpaka akazima simu na ukala asilimia.

Afisa Makusanyo wa zamani
Dada, nilikuwa na diploma na miaka ya kukaa nyumbani. Wewe ungekula nini? Niliacha nilipoweza.

Binti wa Chumbageni
Ningeuza karanga. Wapo wanaouza karanga na diploma zao.

Mpwani wa Likoni
Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Huku Kenya tulipitia haya kitambo. Kamishna wa Ulinzi wa Data aliipiga kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 mwaka 2023, kwa kosa hili hili, kuchukua majina na namba za watu na kuwasumbua. Benki Kuu nayo ikaleta kanuni za leseni 2022. Google ikakataza aplikesheni za mikopo kugusa majina na picha za simu kuanzia Mei 31, 2023. Nyinyi hamna sheria ya data?

Sauti ya Iringa
Tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, na Tume yake ipo, Rais aliizindua Aprili 2024. Fundi anahusika moja kwa moja kwa sababu taarifa zake zimechukuliwa bila ridhaa yake. Mkopaji alibonyeza kukubali kwa ajili ya simu yake, hakuwa na mamlaka ya kumkubalia Fundi. Hapo ndipo mjadala ungetakiwa kubaki.

Mwl wa Ngara
Sauti ya Iringa umenena vizuri, lakini bado hajaniomba radhi huyu wa Kahama.

Jembe la Kahama
Radhi ya nini? Mwaka juzi mwalimu mkuu wa shule ya jirani alichukua mbolea kwangu mifuko sita, mpaka leo. Nimemfuata mpaka shuleni. Nikamkosea heshima mbele ya wanafunzi? Hapana. Nilikaa kwenye benchi nikamsubiri. Sikuwatumia wazazi wote picha yake. Kwa hiyo msinifananishe na hizo kampuni, mimi nasema tu watu wawe na adabu na pesa za wenzao.

Mama Samuel
Sasa ndiyo umesema la maana. Ulimsubiri yeye. Hukumpigia mkwe wake.

Jembe la Kahama
Mkwe wake simjui.

Kijana wa Nzega
Mnalaumu kampuni na walimu, hamuisemi serikali. Mikopo ya halmashauri, ile 10% ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, isiyo na riba, ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi Julai 2024. Mwaka na zaidi. Mlidhani wauza samaki walikuwa wanakopa wapi? Na hata ilivyorudi, bila kikundi kilichosajiliwa hupati. Sisi tumesajili, tumekwenda kwa afisa maendeleo mpaka tumechoka.

Binti wa Chumbageni
Kijana, hiyo ilisimamishwa kwa sababu vikundi hewa vilikuwa vinakula. Vijana wenyewe.

Kijana wa Nzega
Vijana gani? Taja. Vikundi hewa vinaundwa na watu walio ndani ya ofisi, kijana wa bodaboda anaijulia wapi mihuri? Kila kitu vijana!

Mwl wa Ngara
Kijana ameona sasa inavyouma kutajwa kwa jumla.

Fundi wa Mbagala
Jamani, narudi kwenye langu. @Afisa Makusanyo wa zamani, naomba unijibu kwa kweli. Jamaa tumemchangia pale saiti, leo amelipa 87,000 yote na meseji ya kuthibitisha anayo. Majina yetu yanafutwa?

Afisa Makusanyo wa zamani
Nilipokuwepo sikuona sehemu ya kufuta. Mkopo ukiisha jina la mkopaji linahamia kwa waliolipa, wanaanza kumtumia meseji za kumshawishi akope tena, kiwango cha juu zaidi. Namba zenu zinabaki chini yake.

Sauti ya Iringa
Fundi, usifute chochote. Ile picha, ile meseji na rekodi ya simu vitunze, piga skrinishoti zionyeshe namba na tarehe. Peleka lalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa jina lako wewe, siyo la jamaa, kwa sababu wewe huna mkataba nao hata mmoja. Polisi pia wana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa ile picha, hiyo aipeleke jamaa mwenyewe.

Jembe la Kahama
Mkaenda mkachanga mkawalipa! Mmewalipa watu waliowatukana! Mimi nisingetoa hata mia.

Mama Samuel
Kaka, asubuhi hapa umesema dawa ya deni kulipa.

Jembe la Kahama
Nimesema alipe aliyekopa. Siyo saiti nzima.

Fundi wa Mbagala
Tulichanga kwa sababu mke wake ni mjamzito na wameanza kumpigia. Jumatatu nakwenda Tume na wenzangu wawili. Aliyeko Dar na amepata meseji kama hizi anifuate kwa ujumbe wa ndani twende pamoja.