Fundi kaua uzi wa silinda hedi yangu, na mimi nafungua uzi huu

Wakuu, salamu tutapeana siku nyingine.

Nina IST, injini ya 1NZ. Wiki iliyopita nilikuwa nampeleka mama msibani Masasi, nikasema ngoja nipite kwanza gereji moja hapa Mtwara mjini wanibadilishie oili. Oili tu! Fundi akachomoa plagi moja, ile ya kutoa cheche ya kuwasha petroli, akaiangalia kama daktari anayeangalia ulimi wa mtoto, akasema, "Bosi, hizi zimekwisha, Masasi hufiki." Kwa ujinga wangu nikatoa elfu sitini, hela ya korosho hiyo, kijana akatumwa dukani.

Sasa sikieni kazi yenyewe. Injini ya moto, hata dakika tano hazijapita tangu izimwe, na hedi ya hizi gari, kile kichwa cha injini plagi inapofungwa, ni alumini, ikiwa na moto uzi wake, ile mikato ya kufungia, ni laini. Hakupuliza upepo kwenye matundu, na mchanga wa mji huu mnaujua, upo mpaka kwenye chai. Plagi mpya moja ikamponyoka ikagonga sakafu. Akaiokota, akaifuta kwenye ovaroli, akaiweka. Akapaka grisi kwenye uzi. Halafu akachomeka bomba kwenye mpini wa spana, akakaza huku kauma meno, kama anafunga nati za tairi la Fuso. Nikamwuliza mbona nguvu hivyo? "Bosi, ikilegea itaruka." Nikanyamaza. Hapo ndipo ninapojilaumu.

Na plagi zangu za zamani? "Nimezitupa." Zilikuwa Denso SK16R11, iridiamu, aina inayoweza kwenda kilomita 100,000, na gari langu lina elfu sabini na kitu. Labda kazitupa ndani ya boksi jipya, Mungu ndiye anajua.

Mpaka Mikindani gari safi. Tukapita Mingoyo, tukashika njia ya Masasi, karibu na Mtama likaanza kumisi. Ukikanyaga linatetemeka kama lina homa, taa ya injini inapepesa. Ile taa ikiwaka ikatulia unaweza kujikongoja. Ikipepesa, jua kuna silinda haichomi, petroli mbichi inakwenda kuunguzia kwenye masega, kile kisafisha moshi cha ekzosi, na bei ya masega sihitaji kuwaambia. Tukaenda mwendo wa baiskeli, mama kimya, anavuta tasbihi.

Masasi, mzee mmoja fundi akachomeka mashine ya kusoma makosa: P0303, yaani silinda ya tatu haichomi. Akakataa kugusa mpaka injini ipoe. Alipofungua, plagi ikatoka na alumini, vinyuzi vinang'aa vimejiviringisha kwenye uzi wake. Kauri ina ufa mwembamba, mweusi kama unywele. Umeme ulikuwa unapenya hapo badala ya kuruka kwenye ncha. Imepasuliwa na spana iliyokaa upande, akasema mzee.

Akazipanga zote nne kwenye gazeti. Boksi limeandikwa iridiamu, lakini ncha ya katikati nene kama msumari, wakati iridiamu yenyewe ncha yake ni kama sindano. Wosha zinatoka zenyewe ukitikisa. Mbili zina namba 16, mbili zina 20! Injini moja, plagi za joto tofauti. Kwa mpangilio wa Denso namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, yaani inapoteza moto haraka, na kwa safari zetu hizi za Shangani kwenda sokoni inajaa masizi tu. Ile 11 ya mwisho kwenye SK16R11 ni mwanya wa kurukia cheche, milimita 1.1. Iliyoanguka ilikuwa imebonyea, mwanya umebaki nusu.

Nikampigia yule fundi wa Mtwara. Unajua alichonijibu? "Bosi, si ziliingia?"

Ziliingia! Wakuu, hata plagi ya mguu (urefu wa uzi) wa milimita 12.7 inaingia kwenye tundu la kina cha 19, kwa sababu unene ni ule ule wa milimita 14. Inaingia, inakaa imejificha juu, moto unawaka shimoni. Ukikosea upande wa pili, ndefu kwenye tundu fupi, pistoni inaweza kuigonga. Kuingia ndiyo kipimo gani?

Mzee wa Masasi alipachika kipande cha mpira wa petroli kwenye kichwa cha plagi, akaizungusha kwa vidole mpaka ikagota. Ikiwa imekaa upande mpira unateleza tu, uzi hauumii. Ndipo akachukua spana: nusu mzunguko na kidogo, wosha mpya ikajibana, basi. Hakuna bomba. Grisi alicheka, akasema inakudanganya mkono, unadhani bado kumbe umeshapitiliza.

Kuchonga uzi upya na kupachika bushi, plagi nne za kueleweka, gari kulala siku mbili: laki mbili na arobaini. Mazishi hatukuwahi. Mama hajanilaumu, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Kesho narudi gereji na zile plagi nne kwenye kopo la Blue Band. Sitaki ngumi, nataka elfu sitini yangu na Denso zangu. Kama kuna mtu hapa Mtwara aliwahi kurudishiwa hela na fundi, aniambie alianzaje maneno.