Naomba ushauri: waya wa ACC wa GPS kwenye pikipiki niuchukue wapi?

Wakuu, hasa mafundi wa umeme wa pikipiki, nisaidieni. Nafunga GPS kwenye bodaboda ya cc 125, betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 5. Kifaa kinapokea volti 9 hadi 90, kina nyaya nne: mwekundu, mweusi, wa chungwa (ACC, unaoiambia GPS kama ufunguo umewashwa) na wa njano wa rilei (swichi ya umeme ya kuzima pikipiki kwa mbali ikiibwa).

Mwekundu utakwenda chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 2, karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka mbele usiunguze. Mweusi kwenye hasi ya betri, si kwenye fremu. Rangi na kutu huleta mguso hafifu.

Shida ni ACC. Taa ya mbele siitaki: pikipiki nyingi ndogo huilisha umeme wa AC kutoka kwenye koili, unaopanda na kushuka na mwendo wa injini. Nafikiria waya wa honi au wa swichi ya breki, upande unaopata volti 12 ufunguo ukiwashwa tu. Upi unadumu? ACC isipozimika kifaa hakilali. Kikila miliampea 50 mfululizo ni Ah 1.2 kwa siku, betri hii inakwisha kwa siku nne hivi.

Halafu rilei. Nikikata umeme wa CDI (kifaa kinachotoa cheche ya plagi), injini inaweza kuzima dereva akiwa analipita lori. Hilo naliogopa kuliko wizi wenyewe. Nikikata waya wa stata pekee, mwizi atapiga kiki. Nyie mnaikata wapi?