Naomba ushauri: namna ya kuelewana kazini na watu wa desturi ngeni

Bapapa, bamama na ndugu wote, niko Lubumbashi, nasimamia stoo katika kampuni ya shaba. Nafanya kazi na Wachina, Wahindi, na sisi Wakongo wa kutoka Kasai, Likasi na Kivu. Kifaransa cha kazi tunasikilizana. Shida ni yale yasiyosemwa. Mhindi akiyumbisha kichwa huku na huku, mara nyingi anakubali. Vijana wangu wanaona amekataa, mzigo unarudishwa. Mkubwa Mchina akinyamaza mkutanoni, hatujui ameridhika au hataki kumwaibisha mtu mbele ya wenzake. Nao wanatushangaa tukiulizana habari za nyumbani kabla ya kutaja kazi. Kwao ni kupoteza muda. Kwetu, kuruka salamu ni dharau.

Inaniuma, maana mji huu ulianzishwa 1910 na ukajaa wageni: Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa Wabelgiji, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rodezia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Rwanda na Burundi. Wazee wetu waliweza kuishi pamoja katika kambi za wafanyakazi.

Sitafuti orodha ya "Wachina wako hivi, Wahindi vile". Watu wa taifa moja hawafanani. Ninyi mliofanya kazi na wageni, au mlioishi Guangzhou ama Dubai, mlianzia wapi? Kula pamoja kunasaidia kweli? Nimuulize mkubwa faraghani, au nipitie mtu wa kati? Na vijana niwafundisheje kuuliza "umemaanisha nini?" bila kuonekana wanabisha?