Msimbo uko wazi, lakini sijui kuusoma. Hapo naamini nini?

KatibuMchovu

Wakuu, nisaidieni kabla sijagombana na mwenzangu. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo, tuko kumi na mmoja, tunawasaidia wanawake waliokimbia waume wanaowapiga. Kazi yangu nusu daftari, nusu simu: nani amelala wapi, nani anahamishwa lini. Ujumbe mmoja ukivuja, kuna mtu atagongewa mlango usiku.

Tunataka kuhama programu ya ujumbe. Kijana wetu anayejua kompyuta ameleta moja, na hoja yake yote ni hii: "Ni programu huria, msimbo wake uko wazi, kwa hiyo ni salama." Msimbo, yaani yale maandishi yanayoiunda programu. Nikamuuliza, wewe umeusoma? Akacheka. Nani ameusoma? Akasema "watu". Watu gani? Hapo akanuna.

Nikaenda kuuangalia mwenyewe. Mafaili hayana mwisho, maandishi kama mtu amekanyaga kibodi kwa kiatu. Sasa uwazi huo unanifaa nini mimi? Tafadhali msinijibu kifundi, nijibuni kama mnavyomjibu mama yenu.

Pazia_Jepesi

Shikamoo mama katibu. Kijana wako hajakosea sana. Programu iliyofichwa msimbo ni mbuzi kwenye gunia. Kulikuwa na kampuni ya Uswisi, Crypto AG, iliuzia serikali zaidi ya mia moja mashine za kuficha siri. Kumbe tangu 1970 wenye kampuni walikuwa majasusi wa Marekani na Ujerumani Magharibi, na mashine nyingi zilikuwa zimelegezwa makusudi ili wao wasome. Habari kamili ilitoka hadharani Februari 2020. Serikali nzima na wataalamu wake zililala chali, sembuse sisi. Chukua iliyo wazi, lala usingizi.

MfungashaVifurushi

Usingizi asilale bado.

Mama, watu huchanganya mambo mawili: msimbo kuruhusiwa kusomwa, na msimbo kusomwa. Kazi yangu ni kufungasha programu huria ili wengine waziweke kwenye kompyuta zao, na nakiri mbele yako kwamba nyingi ninazopitisha sijazisoma mstari kwa mstari. Nasoma kilichobadilika tangu toleo lililopita. Siku nikiwa nimechoka nasoma nusu yake. Mwaka 2006, kwenye Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, mtu alifuta mistari michache ya OpenSSL, programu ya kuficha mawasiliano, kwa nia njema kabisa, kwa sababu chombo cha kukagua makosa kilikuwa kinailalamikia. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa inaleta nambari zisizotabirika za kutengenezea funguo za siri. Kuanzia hapo, kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, zikabaki funguo 32,768 tu zinazowezekana, idadi ambayo kompyuta inazijaribu zote bila kutoka jasho. Jambo hilo lilikaa peupe hadi Mei 2008. Hakuna aliyelificha, ila hakuna aliyelitazama.

La pili ndilo linaloninyima raha. Msimbo ulioonyeshwa si lazima uwe ndio uliozaa programu iliyo kwenye simu yako. Umeonyeshwa unga, ukaletewa mkate uliookwa chumba kingine. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa njia iitwayo SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi wetu tungelaumu mtandao. Yeye akafukua mpaka akakuta mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili. Aliyeupachika alijiita Jia Tan, na alikuwa amejitolea kwenye mradi huo zaidi ya miaka miwili hadi akakabidhiwa funguo za nyumba. Na sikiliza hapa: kipande cha kuuamsha mlango huo hakikuwa kwenye hazina ya msimbo ambayo kila mtu anaisoma. Kilikuwa tu kwenye kifurushi cha toleo, kile ambacho watu hukipakua ili kuijenga programu. Ungesoma hazina yote, ungetoka unasema ni safi.

Ndiyo maana mimi hupenda programu inayokuruhusu ujijengee mwenyewe kutoka kwenye msimbo, kisha ulinganishe na ile uliyopewa. Signal, programu ya ujumbe, kwa simu za Android wana maelekezo hayo tangu 2016. Nimewahi kujaribu. Mara ya kwanza hazikufanana, moyo ukanienda mbio, kumbe nilichukua msimbo wa toleo lililotangulia. Mara ya pili zikatofautiana penye sahihi tu, yaani muhuri wa mtengenezaji, na hapo lazima zitofautiane, kwa sababu ufunguo wa kutia sahihi wanao wao. Iliniondolea Jumamosi nzima. Wewe huhitaji kufanya hivyo. Unahitaji kujua kwamba wako wanaofanya, na kwamba anayekudanganya anajua anaweza kukamatwa. Muulize kijana: inajengeka upya ikafanana? Imekaguliwa na watu wa nje, na ripoti ipo tuisome? Akinuna tena, badilisha programu.

Nta_ya_Masikio

Mmesahau seva, ile kompyuta ya wenye programu inayopitisha ujumbe. Hiyo hata ikitangazwa msimbo wake, huna njia ya kujua kinachoendeshwa kule ndicho hicho. Swali la maana ni seva inajua nini. Mwaka 2016 Signal waliamriwa kisheria Marekani watoe taarifa za mteja. Walichoweza kutoa ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mwisho, basi. Usichokitunza hakiibwi wala hakidaiwi.

MfungashaVifurushi

Kweli kabisa. Na mama, lile lililo mikononi mwako: kutaneni ana kwa ana mlinganishe nambari za usalama, zile ambazo programu inawaonyesha kila wawili wanaoandikiana. Msimbo uwe safi kama maji ya mvua, hautakwambia kwamba aliye upande wa pili ndiye unayemdhania.

KatibuMchovu

Asanteni wanangu. Nimerudi baada ya wiki. Kijana niliuliza, hakununa. Alileta ripoti ya ukaguzi, akanitafsiria ukurasa wa mwisho ambako wakaguzi wameorodhesha makosa waliyoyakuta. Ajabu, makosa yale ndiyo yaliyonituliza.

Ila mlichonifungua macho sicho nilichouliza. Baadhi ya wanawake wetu, mume humshika kidole akiwa usingizini akafungua simu. Hapo msimbo haumsaidii, uwe wazi uwe fiche. Tumeweka ujumbe ujifute baada ya saa moja, na simu ifunguke kwa nambari, si kwa kidole.

Jumamosi tulilinganisha nambari, wote kumi na mimi. Jumanne programu ikaniambia nambari ya mmoja wetu imebadilika. Sikumwandikia humo. Nilivaa viatu nikaenda kwake kwa miguu. Kumbe alifuta programu kwa bahati mbaya akaiweka upya. Tukalinganisha tena pale pale mlangoni, nikarudi.