Mwalimu wa uhuru ana ruhusu kutawala bengine, inawezekana aje?

Mwana_Katuba
Bandugu jambo, niko na ulizo. Ku iniversite tunasoma John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza, tunaambiwa njo mwalimu wa uhuru. Lakini mu kitabu yake ya 1859, On Liberty (juu ya uhuru), anaandika kama utawala wa mabavu ni halali juu ya bantu benye yeye anaita washenzi, bora iwe kwa faida yao. Alisahau kitu alisema ao alijua? Juu baba yangu ni wa Bunkeya, mu Katanga, nilisoma ile mustari mara tatu, nikaona sura ya nkambo yangu.

Yaya_Ruashi
Mdogo wangu, hakusahau. Alifanya miaka 35 mu kampuni ya Wangereza yenye ilitawala India. Uhuru yao ilikuwa na mulango, na wao wenyewe njo banachagula nani anaingia. Angalia mukutano wa Berlin juu ya Afrika, 1884 mpaka 1885, inchi 14, mfalme wa Afrika hata mumoja hakuketi pale, lakini karatasi imejaa biashara huru, kumaliza utumwa, kulinda wenyeji.
Kitu inaniumaka zaidi ni mikataba Stanley alifanya na bachifu ba Kongo, akitumikia Léopold, mfalme wa Ubelgiji. Aprili 1884, bachifu ba Ngombi na Mafela bakatia alama ya musalaba, kila mwezi kitambaa kimoja kimoja, mamlaka ya inchi ikaenda. Sasa kama chifu ni mushenzi, alama yake iko na nguvu gani? Siku ya kutoa inchi bakamuhesabu mwenye mamlaka, kesho yake hana haki tena.

Lufira
Na Msiri, mfalme wa Bunkeya, alikatala bendera ya Léopold, Stairs akatumwa na jeshi, tarehe 20/12/1891 Bodson, ofisa wake, akapiga Msiri risasi, Bodson naye akakufa, bendera ikapanda. Kwetu bazee banaisimuliaka polepole, hakuna mutu anakata neno.

Kadutu_Bukavu
Sawa yote, lakini tusitupe mawazo yote. Morel, karani wa kampuni ya meli, aliona ku Antwerp meli zinarudi na mpira na pembe za ndovu, zinaenda Kongo na bunduki, akauliza: biashara huru ya Berlin iko wapi? Ripoti ya Casement, konsuli wa Wangereza, juu ya mateso ya Kongo ikatoka 1904, na 1908 Léopold akaachilia Kongo. Balimupiga na maneno yake mwenyewe. Tena hata bao hawakuombea Wakongo bajitawale, bakapewa Ubelgiji.

Mwana_Katuba
Asanti sana yaya. Ile ulizo ya alama ya chifu njo nitaweka mu kazi yangu ya mwisho, na kwanza naenda Bunkeya kuuliza bazee.