Debian imekwama baada ya kuweka Fedora, nisaidieni

kijana_likoni: Salaam wakuu. Kompyuta yangu ina SSD ya GB 256, mfumo wa Linux wa Debian 12 ulikuwamo, jana nikaongeza mwingine, Fedora. Fedora yawaka vizuri. Debian ipo kwenye menyu, nikiichagua yahesabu sekunde 90 kisha yatumbukia hali ya dharura. Kesho navuka feri nayo kwenda kazini. Flashi iko tayari, naiweka Debian upya usiku huu. Niipe GB ngapi?

binti_tudor: GB 40 zatosha mzizi, yaani patisheni ya mfumo wenyewe. Lakini Fedora ya nini? Debian peke yake haikutoshi?

mzee_kibokoni: Wake wawili, jiko moja.

fundi_kongowea: Usifute kitu. Patisheni ya EFI, ile ya kuwashia mifumo, uliifanyaje?

kijana_likoni: Niliiacha tu.

fundi_kongowea: Uliiacha, au ulitia alama ya kufomati?

kijana_likoni: Niliifomati. Lakini ni MB 512 tu, haina faili zangu, nilitaka ianze safi. Bado naona kuweka upya ndiyo njia fupi.

binti_tudor: Kila siku twasema: someni jedwali la diski kabla ya kubonyeza!

shekhe_grub: Hadithi hii yavuja. GRUB ya Debian, yaani kiwashio chake, hukaa humo humo kwenye EFI, ikifomatiwa, imekwenda. Sasa hiyo Debian iliwakaje hadi ikahesabu sekunde 90? Huyu atuchezea.

fundi_kongowea: La, shekhe. GRUB ya Fedora ndiyo iliyoiwasha, maana kerneli (kiini) ya Debian iko kwenye folda yake ya /boot, si kwenye EFI. Ila kufomati hubadilisha UUID, kitambulisho cha patisheni, na fstab ya Debian, orodha ya patisheni za kuunganisha, bado yaingoja UUID ya zamani. Kijana, ingia Fedora, andika `lsblk -f`, nakili UUID mpya ya EFI: ni fupi, herufi nne, kistari, nne. Halafu, kwa namba ya patisheni ya Debian yako:

`sudo mount /dev/nvme0n1p2 /mnt`
`sudo nano /mnt/etc/fstab`

Badilisha UUID ya mstari wa /boot/efi peke yake. Debian ikiwaka, kama root (msimamizi) endesha `grub-install` kisha `update-grub`. Hapo Debian itajipandisha juu kwenye orodha ya kuwasha. Irudishe Fedora mbele kwa `efibootmgr -o`.

kijana_likoni: Nimebadilisha ule mstari. Imewaka bila kuhesabu! Flashi sasa niifanyie nini?

mzee_kibokoni: Ibaki mfukoni. Hujafika `efibootmgr` bado.